Kioo Kinachoishia na Tatu

Mpira ulikuwa safi. Hilo ndilo lililomzuia mkaguzi wa mizani asiende kuchukua ufagio.

Dhoruba ilikuwa imetulia karibu na alfajiri, ikaacha manyunyu. Gari lake, lililoegeshwa kando ya ukuta wa nyumba, halikuwa na kioo cha nyuma. Tawi nene lililala juu ya buti, na chenga za kioo zilikuwa zimetapakaa kwenye kiti cha nyuma kama chumvi ya mawe iliyomwagika. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mpira unaoshika kioo, pande zote nne, taratibu, jinsi anavyopitisha kidole chini ya sahani ya mizani sokoni kutafuta kipande cha chuma kilichogandishwa. Kioo kikivunjwa na tawi, mpira hubaki na meno. Huu haukuwa na jino hata moja. Kidole kilirudi kikiteleza. Akakinusa. Sabuni.

Mumewe, kinyozi, alitokea mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Pole, Mkaguzi. Umeshamkamata mshitakiwa?"

"Tawi hili limetoka wapi?"

"Juu. Matawi hutoka juu."

"Mti wetu uko kule." Alionyesha upande wa pili wa ua, nyuma ya vyumba viwili anavyoishi mdogo wake. "Na upepo ulivuma kwenda kule. Bati la jirani limeangukia kule. Kamba ya nguo imelalia kule. Tawi peke yake ndilo lililorudi nyuma."

"Labda lilisahau kitu."

Mkaguzi hakucheka. Kinyozi alikunywa chai yake, akashusha sauti.

"Mke wangu, mvua imenyesha, kioo kimevunjika. Ukimchunguza sana bata, hutamla."

"Mimi sitaki kumla. Nataka kujua yeye amekula nini."

Kinyozi alirudi ndani. Aliingia upesi mno kwa mtu ambaye hajamaliza chai.

Siku hiyo haikuwa ya kuchunguza mabata. Saa nne mkaguzi alitakiwa asimame mbele ya msimamizi wa magari wa kliniki ya macho kumdhamini mdogo wake, anayeitwa Breki. Kliniki ilitaka dereva mwenye gari lake, wa kuwarudisha nyumbani wagonjwa waliotoka kupasuliwa. Walikuwa wameweka sharti moja: dereva aje na mtu wa kusema kwa kinywa chake kwamba huyu ni mwaminifu. Breki alikuwa amekaa bila kazi tangu mwaka uliopita. Alikuwa amemwomba dadake kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "Neno lako, dada, hata wauza nyama wanaliogopa."

Jina la Breki alipewa na marehemu baba yao, aliyekuwa na shule ya udereva, kwa sababu siku ya kwanza ya kujifunza alikanyaga breki hadi mwalimu akabusu dashibodi. Baba aliwaachia magari mawili yaliyofanana kama pacha, yaliyosajiliwa siku moja kwa namba zinazofuatana. La mkaguzi liliishia na tatu. La Breki liliishia na nne. Kwa kuwaogopa wezi, baba alichonga kwa mkono wake namba ya kila gari kwenye pembe ya kila kioo. Na kwa kuwa wanafunzi wake walivunja vioo kama wengine wanavyovunja mayai, aliwafundisha wanawe kuvipachika: maji ya sabuni kwenye mpira, kamba ndani ya mfereji wa mpira, mmoja ndani ya gari anavuta kamba, mwingine nje anasukuma kwa viganja. Kutoa ni vivyo hivyo, kinyume chake. Ni kazi ya watu wawili. Baba alikuwa akisema kioo hakimtii mtu mmoja.

Mkaguzi alichukua kijiti, akapekua chenga. Nyingi zilikuwa punje tu. Lakini pembeni mwa kiti kulikuwa na kipande kilichoshikamana, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na ukanda wa karatasi nyeusi ya kukinga jua. Akakiinua kwenye mwanga. Mwandiko wa baba ulionekana, wenye tarakimu zilizoinama kidogo kulia. Ya mwisho ilikuwa nne.

Alikifunga kwenye kitambaa, akakitia mkobani.

Breki alikuwa anafuta gari lake chini ya mti, ameshavaa shati la kazi lililopigwa pasi.

"Dada, pole! Nimeona asubuhi, moyo umenidunda."

"La kwako limenusurika."

"We acha tu."

"Chini ya mti huu huu."

"Ndiyo maana nasema, Mungu hana upendeleo." Alijisogeza, akasimama kati ya dadake na buti. "Basi twende na langu. Lako si litaingiza upepo."

Mkaguzi alimzunguka. Kioo cha nyuma cha Breki kiling'aa, hakina mkwaruzo. Kwenye pembe ya chini, pale baba alipokuwa akichonga namba, kulikuwa na stika nyekundu iliyoandikwa KELELE ZA CHURA.

"Stika umebandika lini?"

"Hiyo? Zamani."

"Zamani ya lini?"

"Dada, zamani ni zamani. Ingia, tutachelewa."

Alikaa kiti cha nyuma. Breki alikuwa ametandika blanketi juu yake, akasema wagonjwa watapenda ulaini. Kabla hawajafika barabara ya lami, mkaguzi alihisi ubaridi ukipenya kwenye sketi. Akabonyeza blanketi kwa kiganja. Maji yakapanda kati ya vidole. Kiti cha gari lisilo na kioo kilikuwa kimelowa juu juu tu. Kiti cha gari lenye kioo kizima kilikuwa kimekunywa dhoruba yote.

Mkaguzi alikuwa na kanuni kazini: muuzaji hupewa nafasi ya kutaja kasoro ya mizani yake kabla haijapimwa. Wengi hawaitumii.

"Breki."

"Naam, dada."

"Kuna jambo unataka kuniambia kabla hatujafika?"

Macho ya Breki yalimtazama kwenye kioo kidogo cha mbele, kisha yakarudi barabarani.

"Nataka kukushukuru, dada. Hilo tu."

Lilikuwa ni jambo la kweli, na halikuwa jibu. Mkaguzi alitazama nje. Alichokuwa anafikiria sasa si Breki. Alikuwa anafikiria mtu wa pili, aliyevuta kamba. Mumewe alikuwa ameamka kabla ya alfajiri, akasema anakwenda kuangalia kama paa linavuja. Aliporudi kitandani mikono yake ilinuka sabuni. Lakini mikono ya kinyozi hunuka sabuni siku zote, ndiyo maana hakuuliza.

Msimamizi wa magari alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Aliwapokea uani, akatangulia kwenye gari kabla ya kuwakaribisha ofisini.

"Sisi tunaanza na gari, halafu mtu," alisema. "Wagonjwa wetu wanarudi nyumbani macho yamefungwa. Hawaoni wanapelekwa wapi. Akikosea dereva, wao watajua wakishafika, kama watafika. Kwa hiyo mnisamehe nikiuliza sana."

"Uliza, mama," alisema mkaguzi. "Ndiyo kazi."

Msimamizi alijaribu taa, mikanda, milango. Alizunguka nyuma, akavaa miwani.

"Hatutaki maandishi kwenye magari. Mgonjwa asiyeona hasomi, lakini ndugu zake wanasoma. Toa hiyo."

"Nitaitoa jioni, mama," alisema Breki. "Imegandana sana. Ya zamani."

Mama alikwaruza ukingo kwa ukucha. Stika ilibanduka yote kwa mkupuo mmoja, bado ina gundi mbichi.

"Imezeeka vizuri," alisema.

Akasoma namba iliyochongwa. Akainama akasoma ile ya kwenye buti. Akarudia.

"Tatu," alisema. "Nne." Alimgeukia Breki, kisha akamgeukia mkaguzi. "Mdhamini, unaijua gari inayoishia na tatu?"

"Naijua. Ni yangu."

"Na kioo hiki?"

"Ni changu."

"Ulimpa?"

Breki alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkaguzi alielewa kwamba neno moja lingetosha. Ndugu hupeana vioo, nani angebisha? Breki angepata kazi, na wagonjwa wangefika salama, kwa sababu kuendesha alijua. Alielewa pia kwamba muuza nyama anayeongeza gramu mbili kwa dole gumba naye huwa na watoto nyumbani.

"Hapana," alisema. "Nimegundua leo asubuhi."

"Basi umekuja kudhamini nini?"

"Udereva wake. Huo nauthibitisha, tumefundishwa na mtu mmoja. Uaminifu wake muulize mwenyewe. Yuko hapa."

Breki akasema, bila kuinua kichwa:

"Tawi lilivunja cha kwangu. Kioo cha gari hizi hakipatikani siku moja, lazima ukitafute mpaka nje ya mji. Na mlisema leo, gari liwe kamili. Nikachukua cha dada. Chenga nikazimwaga kwake, na tawi nikalibeba."

"Kwa nini hukumwomba?"

"Ningemwomba, angesema atafikiria." Sasa aliinua kichwa, akamtazama dadake kwa hasira iliyochanganyika na aibu. "Yeye akifikiria, mama, mtu anazeeka."

Msimamizi wa magari alivua miwani. Hakucheka, ingawa mkaguzi aliona amejizuia.

"Ulifanya peke yako?"

"Peke yangu," alisema Breki.

Mkaguzi aliacha lile lipite. Halikuwa swali lake, na jibu alikuwa nalo.

"Leo siwezi," alisema mama. "Rudi na gari lenye kioo chake, namba yake, hata kama itachukua muda. Nafasi siiweki kwa ajili yako. Ikiwa bado ipo, tutaongea. Na uje na huyu huyu mdhamini. Wa namna hii sijawahi kumpata."

Waliporudi nyumbani, Breki alizima gari uani.

"Ungesema ndiyo tu, dada. Herufi tano."

"Na kesho wakiniuliza jambo lingine, ningejibu kwa kinywa kipi?"

Breki alikwenda kuchemsha maji ya sabuni.

Walikitoa kioo kwenye gari la Breki na kukibeba hadi ukutani wakikishika pande mbili, kama wabeba godoro. Mkaguzi alipanguza mpira tena, ingawa ulikuwa safi. Kinyozi alikuwa ametoka, amesimama mbali kidogo na mikono mifukoni.

"Nani anaingia ndani kuvuta?" aliuliza Breki.

"Mimi nitasukuma," alisema mkaguzi. "Wewe uwe nje na mimi, ushike chini."

"Nani avute, sasa?"

Mkaguzi alimtazama mumewe. Kinyozi aliguna, akavua ndara, akaingia kiti cha nyuma. Aliishika kamba bila kuonyeshwa mwisho wake ulipo.

"Tunaanzia chini katikati," alisema mkaguzi, kwa makusudi.

"Hapana, juu," alisema kinyozi. "Chini kinabana, kitakuj—"

Breki alifumba macho.

"Nani amekufundisha?" aliuliza mkaguzi.

"Kulikuwa na giza, Mkaguzi," alisema kinyozi kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lisilo na kioo. "Alikuja analia. Shemeji akilia mlangoni, nifanye nini, nimpime?"

"Ungeniamsha."

"Ungesema utafikiria."

Mkaguzi alikunja mikono ya nguo. Aliweka viganja kwenye kioo. "Vuta. Kuanzia juu." Kamba ilitoka kwenye mfereji wake kwa mlio mdogo wa utelezi, mpira ukalala juu ya ukingo kidogo kidogo, na kioo kikakaa. Alipitisha kidole juu ya namba kwenye pembe. Tatu. Akapitisha mara ya pili.

Gari la Breki lilibaki na tundu. Mkaguzi alileta nailoni na utepe wa gundi, akalifunga mwenyewe, akikunja pembe vizuri ili mvua isipate mlango. Breki alimtazama bila kusaidia.

"Kesho nitaenda kutafuta kioo," alisema. "Kwa miguu kama ni lazima."

"Utakibeba kichwani?"

Mkaguzi alitoa funguo za gari lake mfukoni, akamnyooshea. Breki hakuzipokea. Alizitazama, akamtazama shemeji yake, kisha akazitazama tena.

"Huu ni mtego, dada?"

"Ni gari."

"Umeshasoma kilomita?"

"Nimeshasoma."

Breki alishusha pumzi, kama mtu aliyeambiwa jambo analolifahamu.

"Haya. Huyo ndiye dada yangu," alisema, akapokea funguo.