Mto wa Bi Taratibu

Mlango wa nyuma wa maabara ulifunguliwa, akaingia mzee ambaye hakuna aliyemwita, utepe wa kupimia nguo ukiwa bado unaning'inia shingoni. Mtoa damu, binti wa kuwachukua wagonjwa damu ya vipimo, alikuwa akibandika majina kwenye vichupa.

"Dirisha liko mbele, baba."

"Huko wamenifukuza, binti. Wanasema majibu yangu yalishatoka. Kalsiamu ya damu iko juu, eti tezi za shingoni zina kasoro, daktari anataka kunipasua hapa." Akagusa koo. "Mimi fundi cherehani. Nikikosea kukata suti ya mtu, namnunulia kitambaa kingine. Shingo hii mtaninunulia duka gani?"

Mtoa damu akacheka, kisha akaweka vichupa chini. "Siku ile walipokufunga mpira wa kubana mkono, ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye benchi, sote kwa pamoja. Nikangoja mpaka vidole vikafa ganzi. Wakaniambia nikunje ngumi, nikunjue, nikunje tena."

Ndivyo walivyofanya kazi tangu watoa damu wapunguzwe: wagonjwa wa benchi zima walifungwa mipira mapema, mishipa iwe tayari. Lakini mpira ukikaa sana, maji ya damu huchujika nje ya mshipa. Protini hubaki imejazana, pamoja na kalsiamu iliyoshikamana nayo. Kipimo kinapanda, na mwenye afya anaandikwa mgonjwa.

Zamani benchi hilo lilikuwa na mto mdogo wa kuegemezea mkono, na pembeni yake alikaa Bi Taratibu, aliyemfundisha kazi mtoa damu huyu, akinukia spiriti na sabuni, akiwauliza wagonjwa habari za wajukuu mpaka mikono ilegee yenyewe. Siku ya kustaafu alimwachia mto ule. "Wa kalsiamu usimfunge, mwanangu. Niahidi." Akaahidi, wote wawili wakilia kama watoto.

Sasa mtoa damu akautoa mto kabatini, akaupangusa, akauweka chini ya kiwiko cha mzee.

"Huenda ikawa juu kweli, baba. Lakini tutajua kwa haki. Pumzika kwanza."

Msimamizi akachungulia. "Wewe! Foleni imefika getini, unapiga soga? Mfunge, mchome, atoke!"

"Huyu hafungwi, bosi."

"Basi zamu za posho zisahau. Kuanzia kesho uko stoo."

Mlango ukabamizwa. Mzee akataka kuinuka. "Binti, usiharibikiwe kwa ajili yangu."

"Tulia. Ukikaza mkono ndiyo utaniharibia."

Mshipa ulikuwa mwembamba kama uzi wake wa kushonea. Akautafuta kwa ncha ya kidole, bila haraka.

"Wajukuu hawajambo?"

"Hao? Wamenimalizia vifungo vyote dukani!"

Mzee akaanza kusimulia habari zao, mmoja mmoja. Mkono ukalegea juu ya mto, na damu ikaingia kichupani polepole, yenyewe.