Kibuyu Kisichooshwa

Rubisi ya Adventina, pombe yake ya ndizi, iligeuka siki kwa mara ya pili. Alichota kikombe, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akaanza kuimwaga chini ya migomba nyuma ya nyumba, ndoo baada ya ndoo, mpaka mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi ukabaki mtupu. Migomba yake pale Kaisho ilishamwagiwa mengi, lakini pombe ya posa ilikuwa haijawahi kuionja.

Ndiyo, ilikuwa ya posa. Jumamosi ya wiki iliyofuata mwanawe Mugisha alitakiwa Kituntu kwa mzee Cleophace, baba wa mchumba wake, na mzee huyo si mtu wa kuzungushwa. Alishasema kwamba bia za chupa atakunywa siku nyingine. Posa ya binti yake ije na rubisi iliyotengenezwa nyumbani kwa kijana, aonje mwenyewe ajue binti anakwenda kwa watu wa namna gani. Kumpelekea mtu kama huyo siki mbele ya ukoo wake ni kumtukana, na hakuna anayeoa kwa watu aliowatukana.

Zilibaki ndizi mbire, zile za pombe, za kutosha mara moja tu. Tayari zilikuwa shimoni zinaiva, na ndizi zilizoiva hazimsubiri mtu.

Adventina alikuwa na jibu lake, na jibu hilo liliitwa Gloriose. Mama huyo kijana alikuja kutoka Burundi na mumewe miaka mitatu iliyopita, wakawa wanafanya vibarua kijijini. Tangu Pasaka alikuwa akimsaidia Adventina kazi ya pombe, na tangu Pasaka ndipo mambo yalipoharibika. Halafu alikuwa na tabia moja iliyomkera Adventina sana. Kila asubuhi, akishatoa shikamoo tu, alikwenda kwenye dumu la maji pale jikoni akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, polepole, mbele ya macho ya mwenye nyumba, kana kwamba anataka aonekane. Anajiona daktari, Adventina alikuwa akisema moyoni.

Pombe ya kwanza ilipoharibika alimwondoa kwenye kibanda cha pombe bila kumweleza sababu. "Nenda kapalilie maharage," alimwambia. Maharage yalikuwa yamepaliliwa jana yake. Gloriose alichukua jembe akaenda, akashinda huko, na tangu hapo akawa wa shambani. Ya pili ilipoharibika bila yeye, Adventina alijiambia kwamba mkono ule ulishagusa vyombo.

Sasa Gloriose alirudi kutoka shambani akamkuta Adventina ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi, kikombe mkononi, macho mekundu. Akaomba kikombe. Akanusa.

"Mama, hii si ndizi. Ndizi zako hazina neno. Hiki ni kibuyu."

"Kibuyu gani?"

"Kile cha mbegu."

Hapo aligusa pabaya. Kibuyu hicho kilikuwa cha mama yake Adventina. Humo ndimo ilimokaa mbegu, yaani rubisi kidogo ya zamani inayomiminwa kwenye mpya ili ichachuke upesi. Mama yake alimfundisha kwamba kibuyu cha mbegu hakioshwi, kinasuuzwa kwa rubisi basi, kwa sababu ukikiosha kinasahau kazi. Adventina aliishika amri hiyo miaka thelathini.

"Kibuyu hicho kimeanza kazi wewe hujazaliwa," alisema. "Nenda nyumbani, Gloriose. Umeshachoka."

Gloriose akaaga kwa adabu akaenda zake. Lakini neno lake halikwenda naye. Adventina alijaribu kumenya ndizi za chakula, akajikata kidole. Akafagia uwanja, akajikuta anafagia palepale. Mwishowe, jua likiwa bado juu, alichemsha maji kwa hasira, akachukua kibuyu cha mama yake na kukimiminia ndani, kusudi apate la kumjibu yule mwanamke kesho. Akakitikisa, akamwaga.

Maji yalitoka meusi. Nyuma yake ukafuata utando, mzito na wenye utelezi, vipande kwa vipande, na harufu ya siki ikampanda puani mpaka akageuza uso.

Aliketi chini akakitazama. Mama yake alikuwa akitengeneza rubisi kila wiki, kibuyu hakikupata nafasi ya kukauka wala kuoza. Yeye, tangu mumewe afariki, alitengeneza mara moja kwa mwezi, na katikati hapo kibuyu kilikaa kwenye kona na mabaki yake, vijinzi vikiingia na kutoka. Amri ilikuwa ya mama yake na wiki zake. Alikuwa ameishika nusu, nusu nyingine hakuijua.

Kesho yake alikwenda mwenyewe hadi kwa Gloriose. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, akafika akasema tu, "Njoo unionyeshe."

Gloriose hakumcheka. Alitia kokoto na majivu ndani ya kibuyu, akamimina maji ya moto, wakakitikisa kwa zamu mpaka mikono ikauma, wakamwaga na kurudia hadi maji yakatoka meupe. Kwa mtumbwi, Adventina alitaka kuleta sabuni ya unga, akazuiwa.

"Mti unakunywa sabuni, mama, halafu unairudisha kwenye pombe. Mzee atafikiri tumemletea maji ya kufulia."

Adventina alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Wakasugua mtumbwi kwa majivu, wakausuuza kwa maji yaliyochemka, wakauacha juani siku mbili. Madumu nayo yakapita njia hiyohiyo; moja lililonuka mafuta ya taa Gloriose alilirusha nje bila kuomba ruhusa. Ndizi zilipotoka shimoni wakakamua, wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wakafunika kwa majani ya mgomba. Mbegu ya zamani hawakutia hata tone. Adventina alilala roho juu, lakini mtama ulifanya kazi yake.

Jumamosi, Kituntu, mzee Cleophace alipokea kata ya rubisi kwa mikono miwili. Akanywa. Akaizungusha mdomoni, akanywa tena, na Mugisha akaanza kupumua. Kisha mzee akamgeukia Adventina.

"Wakora," alisema. Kwa Kinyambo ndiyo asante, na maana yake umefanya kazi.

Adventina angeweza kuipokea ikaishia hapo. Aliinuka. "Asante hiyo si yangu peke yangu, mzee. Kuna mwenzangu nyumbani anaitwa Gloriose. Bila yeye leo ningekuletea siki."

"Basi mpelekee," mzee alisema, akaamuru lifungwe paja zima la mbuzi na dumu moja dogo la rubisi ileile.

Njiani kurudi Adventina aliupakata mzigo huo kwenye gari, akamshukuru Mungu kwa posa kupokelewa, akamshukuru kwa kibuyu, na kila alipofika kwenye jina la Gloriose aliona aibu kwamba hakufikiria hata kumwalika.

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Gloriose, akamkuta uani. Akampa mzigo, akampa salamu za mzee, kisha akayatoa yale maneno aliyokuwa ameyaandaa.

"Nilidhani ni mkono wako. Ndiyo maana nilikupeleka kwenye maharage."

"Nilijua, mama. Hayakuwa na gugu hata moja."

"Na ukaendelea kuja?"

Gloriose alitazama mikono yake. "Tulikokaa kwanza, kabla ya hapa, waliharibikiwa pombe wakasema mkono wangu una kitu. Tulihama kwa ajili hiyo. Nilipofika kwako nikasema nitanawa mbele yako kila siku, unione. Ili pombe ikiharibika ukumbuke kwamba nilinawa."

Adventina hakuwa amekumbuka. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Nyama ilipoiva, Gloriose aliinuka kwenda kwenye dumu la maji kama kawaida yake, lakini Adventina alimtangulia. Alichukua jagi, akamketisha, akainama mbele yake kama mwenyeji anavyomnawisha mgeni wa heshima, akammiminia maji polepole, kutoka kwenye viwiko hadi kwenye vidole.

"Wakora," akamwambia.