Wageni wa Uwesu

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwao Miyuji, Nasra alipanga vikombe vitano mezani: chake, cha mumewe Uwesu, na vya wageni watatu. Wageni walikuwa wameshaamka. Walikaa kwenye kochi kubwa la kona, wamenyoosha miguu, wakisubiri chapati.

Kila mmoja aliingia siku ile ile Uwesu aliposaini kadi ya mkopo ya benki. Alitia kadi kwenye pochi, na jioni mgeni akabisha hodi, mkoba mkononi. Wa kwanza alikuja pamoja na kochi lenyewe. Wa pili alikuja na harusi ya Ikram, dada yake Uwesu, harusi iliyokuwa na keki ya ghorofa. Wa tatu aliletwa ili awatulize wale wawili, na huyo ndiye aliyekuwa mnene kuliko wote. Mtaani hakuna aliyewashangaa. Nyumba nyingi zilikuwa na wageni wa namna hiyo, na watu waliwapa salamu wakipita kwenda dukani.

Uwesu ni Mrangi wa Kondoa, na kwao mgeni haulizwi anaondoka lini. Kumwuliza ni sawa na kumtolea mkoba nje. Kila mwisho wa mwezi wageni walimwomba kitu kidogo, kwa adabu, wakitabasamu. Naye alitoa hicho hicho kidogo, akajiona ana bahati ya kupata wageni wasio na makuu. Hakuona kwamba kwa kupewa kidogo ndivyo walivyonenepa. Nasra aliona, kwa sababu yeye ndiye aliyelisogeza kochi kila Ijumaa apate kufagia, na kila Ijumaa lilikuwa zito zaidi.

Jumamosi hiyo Uwesu alikohoa kidogo, akamsogezea mkewe karatasi ya kuombea kadi nyingine.

"Weka saini hapa, mke wangu. Hii itakuwa kwa jina lako. Langu limechoka."

Nasra alichungulia dirishani. Mgeni wa nne alikuwa ameshafika. Alisimama nje ya geti, juani, vumbi limemjaa viatuni, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, Nasra binti Yahaya."

Wale watatu walikuwa wakimwita shemeji. Huyu alimwita kwa jina lote, kama mtu aliyekwisha kukabidhiwa. Nasra aliogopa. Miaka yote ya ndoa alikuwa akiweka akiba kwenye ushirika wa akina mama, na baada ya mavuno ya alizeti alitarajia kukopa huko anunue mashine ya kukamua mafuta. Ushirika ulitazama jina kwanza. Wangekuta mgeni wa benki ameketi juu ya jina lake, mashine angeisikia kwa jirani.

"Sisaini."

"Sasa hawa nitawapa nini mwisho wa mwezi?"

"Uwesu, jina langu ndio mlango pekee wa nyumba hii ambao hawajaupita. Tukiufungua na huo, sisi tutatokea wapi?"

Uwesu alitazama mkeka. Wageni nao, kwa heshima, walitazama dari.

Nasra hakupiga kelele. Alikwenda stoo, akarudi na jembe, akalilaza kwenye mapaja ya yule mnene.

"Mgeni siku mbili," alisema.

Mgeni aliujua msemo na mwisho wake, nani asiyeujua? Alimaliza chapati, akajifuta vidole, akauliza, "Shamba liko wapi?"

"Kule Zuzu, nje ya mji."

Uwesu alipomwona mgeni amekubali jembe, alichukua mkasi akazikata kadi zote tatu, na wageni wawili waliobaki kwenye kochi wakakosa hamu ya chai. Siku zilizofuata aliuza pikipiki, akawa anakwenda ofisini kwa baiskeli, tai imetupwa begani. Nyama ikaondoka mezani, ukaingia ugali wa uwele na mlenda. Wale wawili walipewa walichoomba, basi. Kila kilichookolewa alikabidhiwa mnene, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akila haraka zaidi. Kadiri alivyokabidhiwa alikonda, na kadiri alivyokonda alilima vizuri. Mvua zilipoanza alikuwa anafunga suruali kwa kamba.

Siku moja shambani, wakipalilia, Uwesu alimeza mate na kufanya jambo ambalo ukoo wao haukuwahi kulifanya.

"Samahani, mgeni. Unaondoka lini?"

Mgeni hakukasirika. Alisema kazi hii ameifanya nyumba nyingi, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Alizeti zikivunwa," akajibu.

Zikavunwa. Nasra alipata mkopo wake, na mgeni wa ushirika akaja jioni kama wengine. Alikuwa mama mfupi mwenye jembe lake mwenyewe, na kabla hajaketi alitaja siku atakayoondoka. Nasra alicheka hadi akafuta machozi. Wageni wawili bado walikuwa kwenye kochi, lakini sasa kochi lilisogezwa kwa mkono mmoja.

Yule wa tatu, mwembamba kuliko hata Uwesu, alifunga mkoba, akashukuru kwa ugali, akatoka. Getini alimkuta wa nne, ambaye muda wote huo Nasra alimsalimu kila asubuhi bila kumfungulia. Wakanong'ona kidogo. Kisha wakavuka barabara pamoja, hadi kwa Optatus na mkewe Loisi, ambao wiki hiyo walikuwa wameletewa kadi mbili, moja ya bwana na moja ya bibi, zenye rangi nzuri.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni sana," sauti ya Loisi ilisikika. "Piteni ndani, msikae juani."

Harufu ya chapati ikavuka barabara. Nasra alisimama kidogo mlangoni. Kisha akalichukua jembe, akalikung'uta udongo wa Zuzu, akaenda kuwaazimisha majirani.