Mlimau wa Marehemu

Muuza miche alikuwa na wivu, wala hakuwa na haya nao. Angekuwa anamwonea wivu mwanamke mwenye miguu miwili, angalau wangekutana sokoni wakapashana. Lakini mwanamke mwenyewe alikuwa marehemu, mke wa kwanza wa mumewe, na alichoacha ni mlimau ndani ya chungu, pale sebuleni kando ya dirisha, penye mwanga mzuri kuliko pote. Kila asubuhi mumewe, fundi saa, aliufuta majani kwa kitambaa laini cha kufutia vioo vya saa. Muuza miche alikunywa chai yake huku akitazama, amejikaza kisabuni. Kimoyomoyo mti ule aliuita Mwenye Nyumba.

Lililomuuma zaidi ni kwamba walijuana kwa sababu ya mlimau huo huo. Mwaka mzima fundi saa alikuja kitaluni kwake kila Jumamosi, majani ya manjano mkononi, kuomba dawa. Sasa je, alioa mke au aliajiri muuguzi wa mti? Swali hilo lilimkaa kooni tangu harusi, miezi sita, na hakuthubutu kuliuliza.

Chungu kilipopasuka, ilibidi mti uhamie bustanini. Fundi saa alichimba shimo, na wapi kwingine, chini ya dirisha la chumba chao cha kulala.

"Wewe ndiye mtaalamu, mke wangu," alisema. "Nifanyeje?"

Walipoutoa, mizizi ilikuwa imejizungusha duara kwa duara, migumu kama kamba. Muuza miche alijua fika kwamba mizizi ya hivyo isipofunguliwa huendelea kuzunguka hata ardhini, na baada ya miaka michache mti hujinyonga wenyewe. Hakuna mteja aliyetoka kitaluni kwake bila kuambiwa hivyo. Lakini hapa, nani angejua?

"Tumbukiza hivyo hivyo," alisema, macho pembeni. "Usiiguse mizizi."

Fundi saa aliuinua mti, akasita, akacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Nikikuambia utanifukuza. Huu mti haujawahi kuugua hata siku moja. Nilikuwa naunyima maji, majani yawe manjano, nipate la kukuletea Jumamosi."

Hilo ndilo jibu alilolitamani miezi sita, na moyo ulimruka kwa furaha. Kisha akautazama mlimau. Mwaka mzima wa kiu, kwa ajili yake yeye.

"Yaani mti wa marehemu mkeo, unautesa ili uje kunichekea mimi?"

"Si mti ulipona lakini?"

"Uweke chini."

"Mbona umesema hivyo hivyo..."

"Nimesema uweke chini, bwana wewe!"

Alipiga magoti kwenye udongo, akaanza kuifungua mizizi kwa vidole, mmoja mmoja, taratibu, kama anayemfumua nywele mke mwenzake. Fundi saa alileta ndoo ya maji. Mkewe akamwambia aiache hapo hapo, aende zake ndani.