Uzito wa Mbaazi za Mzee Nzivo

Jumanne moja asubuhi, mwezi wa Septemba, kabla umande haujakauka kwenye mabati ya mtaa wa Kware, Kavindu alisimama mbele ya godauni la Githinji, mnunuzi wa nafaka, akitazama gunia la mbaazi za baba yake. Lilikuwa likining'inia kwenye ndoano ya mizani, limejaa hadi shingoni, na mshale wa mizani ulikuwa umelala kwenye sufuri. Vijana wawili wa mkokoteni aliowakodi walikuwa wamelibeba kutoka barabarani wakipiga kite kila hatua, na sasa walikaa kando wakijifuta jasho kwa fulana. Githinji aligonga kioo cha mizani kwa ukucha. Mshale haukutikisika.

"Hii mbaazi haina kilo," alisema.

Alilishusha, akaning'iniza gunia la maharagwe la mteja mwingine, na mshale ukaruka hadi tisini bila kusitasita. Akarudisha la mbaazi, mshale ukalala tena. Mzee Nzivo, babake Kavindu, aliyekuwa amefika usiku na lori kutoka Kathonzweni akiwa na magunia manane, alivua kofia akaiweka kwapani, kama mtu aliyeingia ofisini.

"Ni ushuru, mzee," Githinji alimweleza. "Ile nchi ya ng'ambo inayokula mbaazi kila siku imeweka ushuru mkubwa wiki jana. Wakulima wao pia walikuwa wanalia na bei. Tangu siku hiyo mbaazi zote zinanijia hivi, za Makueni, za Kitui, hata za Mbeere. Usidhani ni zako peke yako."

"Na uzito umeenda wapi?" mzee aliuliza.

"Haujaenda mahali. Umebaki kwa mwenye mali."

Githinji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mizani, na mizani ikisema sufuri alilipa sufuri. Hata hivyo kwa ubinadamu alikuwa tayari kununua magunia yenyewe, yale ya katani, maana gunia zuri lina kazi nyingi, na kilichomo ndani angekichukua tu ili asimsumbue mtu kukimwaga. Wengi walikuwa wamekubali. Pale nyuma ya godauni wapakizi wake walikuwa wakirusha magunia ya mbaazi matatu matatu begani wakipiga mluzi, kwani yakishanunuliwa hivyo yalikuwa mepesi kama mito ya kulalia.

"Bei ya gunia tupu," alisema Mzee Nzivo polepole. Akavaa kofia yake. "Kavindu, waambie vijana warudishe."

Sasa ni lazima ieleweke kwa nini mzee alikataa, maana ukaidi wa bure hakuwa nao. Miaka miwili nyuma walikuja watu na gari lenye kipaza sauti, wakatangaza katika soko la Kathonzweni kwamba mbaazi haina ushuru huko ng'ambo, na mwenye akili ang'oe mahindi apande mbaazi. Mzee alikuwa na akili. Aling'oa mahindi, akang'oa hata kunde za mboga, akapanda mbaazi hadi kwenye kona alikozikwa mkewe, Nthoki. Kila jioni alikuwa akipita hapo kaburini kumpa habari za siku: nani kaoa, ng'ombe wa nani kaingia shambani mwa nani. Siku ya kuondoka alimuaga akamwambia anaenda kuuza na atarudi kumwambia bei.

"Siwezi kwenda kumwambia mama yako nimepewa bei ya gunia," alimwambia bintiye njiani. "Nikiuza, nitarudi. Nisipouza sirudi."

Kavindu hakutaka makubwa. Alitaka baba yake arudi nyumbani kabla ya mvua za Oktoba, apande, apate cha kungoja. Alimjua. Mzee yule akikaa mjini chumba kimoja bila jembe angenyauka mbele ya macho yake, na wazo hilo lilimkosesha usingizi kuliko magunia yote manane.

Magunia yalipangwa chumbani kwake, chini kabisa katika ploti ya vyumba vya kupanga yenye ghorofa saba, kati ya kitanda na jiko. Kavindu alikuwa akiuza githeri ya mahindi na maharagwe na mbaazi za kuchemsha hapo mlangoni, kwa hivyo alichota baadhi akazipika kwa nazi na dania. Zilinukia vizuri. Wateja walikula sahani, wakaongeza ya pili, wakaongeza ya tatu, wakainuka wakisema wana njaa. Alijaribu kuziuza zikiwa kavu kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Gorogoro lilijaa pomoni, lakini likimiminwa kwenye mfuko wa mteja mfuko ulipeperuka na upepo, na watu wa Kware hawatoi pesa kwa kitu wasichokihisi mkononi.

Kufikia Ijumaa ploti ilikuwa imezama ardhini kwa kimo cha ngazi moja. Aliyeona kwanza ni Amolo, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyezoea kuona sura za wapita njia kutoka dirishani na sasa akawa anaona viuno vyao.

"Mama Mbaazi," alimwambia Kavindu, "huyo mzee wako ameleta nini? Mimi siku hizi najua watu kwa mishipi."

"Ni mbaazi tu, Amolo."

"Sawa. Nilikuwa nauliza tu, nijue kama nihamishe mashine."

Mureithi, msimamizi wa ploti, alichimba ngazi mbele ya mlango mkubwa ili wapangaji washuke vizuri, kisha akampigia simu mwenye ploti. Mwenye ploti akatuma injinia. Injinia alikuja na mizani yake mwenyewe, akapima magunia moja baada ya jingine, akapata sufuri mara nane. Akaandika kwamba jengo halikuwa na mzigo wowote wa kulizamisha, kwa hivyo ni barabara iliyokuwa ikipanda. Mwenye ploti aliridhika sana, kwa kuwa barabara si yake. Jioni, makelele ya watoto yakitulia, magunia yalikuwa yakitoa sauti kavu ya maganda yakigongana kwa upepo, na kila yalipofanya hivyo kuta zililia kidogo na vumbi likaanguka kwenye sufuria. Kavindu alizoea kufunika chakula.

Mzee alikuwa akitoka asubuhi kwenda kwa Githinji kuuliza kama kilo zimerudi. Njiani alimkuta Mutie, kijana wa kwao anayekaa kando ya lami na mizani ya kupima watu kwa shilingi kumi. Siku moja mzee alipanda, mshale usitikisike. Mutie aliinama akasoma, akapangusa kioo kwa kiganja, akasoma tena.

"Shuka tu, mzee," alisema. "Weka hiyo kumi yako. Sichukui pesa ya kitu sijapima."

Mzee hakumwambia Kavindu, ila Kavindu aliona mwenyewe. Kiti cha plastiki kilipasuka chini ya baba yake, kisha stuli, kisha mbao za kitanda. Wiki iliyofuata mzee aliketi sakafuni akiegemea magunia, na sakafu ikajikunja ikamshika vizuri kama kiota. Mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika, Kavindu alipiga moyo konde, akamkatia tiketi ya basi na kuwaita Amolo, Mureithi na vijana wa mkokoteni wamwinue. Walimshika miguu na makwapa. Walivuta hadi Mureithi akateguka kiuno. Mzee aliwaombea radhi kila mmoja kwa jina.

"Baba, mvua itakupita," Kavindu alisema.

"Najua, mwanangu. Niletee maji."

Hivyo tiketi ikapitwa na siku yake, na Kavindu akalia jikoni, akiwa amempa mgongo, ili mzee asimwone. Kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja, mzee alimwona.

Asubuhi moja redio ya Amolo ilitangaza kwamba nchi ile ya ng'ambo imeondoa ushuru wa mbaazi. Kavindu aliacha githeri motoni akapanda ngazi mbio. Kwa Githinji palikuwa na kishindo kama cha harusi. Magunia yaliyonunuliwa kwa bei ya gunia yalikuwa yamerudiwa na kilo zake zote, na lori la kwenda Mombasa lilikuwa linaondoka, magurudumu yakiwa yamebonyea.

"Lete upesi!" Githinji alimpigia kelele. "Leo zinapima!"

Lakini chumba cha Kavindu kilikuwa chini ya barabara kwa kimo cha mtu na nusu, na uzito wa mwenye mali ulikuwa bado haujaondoka. Alikodi vijana sita na kamba. Walivuta gunia moja ngazi kwa ngazi, kamba ikawachuna viganja, na jua lilikuwa utosini walipolifikisha kwenye ndoano. Mshale ukaruka. Ukapita hamsini, ukapita themanini, ukasimama kwenye tisini na moja. Kavindu alicheka kwa sauti, kicheko ambacho hakuwa amekisikia kinywani mwake tangu Septemba.

Githinji alikuwa na simu sikioni. "Ndiyo," alikuwa akisema. "Ndiyo. Haya." Akaikata. "Wanasema kile kiasi walichoruhusu kiingie bila ushuru kimejaa. Lori letu ndilo limekijaza. Ushuru umerudi."

Wote wakatazama mizani. Mshale ulishuka taratibu, kama mtu mzima anayekaa kitini, ukapita themanini, ukapita hamsini, ukalala kwenye sufuri. Vijana walianza kukunja kamba.

"Nilipe hili moja tu," Kavindu aliomba. "Si umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona, mama. Lakini mimi sinunui nilichoona. Nanunua kinachosimama." Kisha akaongeza kwa upole, "Bei ya gunia bado ipo."

Kavindu alirudi akamwambia baba yake ukweli. Mzee alitikisa kichwa. Usiku huo ploti ilishuka ghafla, vioo vya dirisha vikavunjika, na udongo ukasimama dirishani kati ya vyuma, ule udongo mweusi unaonata wa upande huo wa mji. Mureithi alikuja asubuhi na kopo la rangi. Ghorofa ya kwanza aliiandika kuwa chini, ya pili akaiandika kuwa ya kwanza, na chumba cha Kavindu akakiandika stoo. Kodi haikupunguzwa.

Mvua ikaja. Jioni ya kwanza ya mvua, saa ile ambayo mzee angekuwa anapita kaburini, Kavindu alikuwa akichagua mbaazi kwenye ungo kwa mwanga wa balbu, na sauti ikatoka katika udongo wa dirishani.

"Mmekula?" iliuliza. Ilikuwa sauti ya Nthoki.

"Bado," alijibu mzee. "Mtoto anachagua."

Kavindu aliweka ungo chini. Machozi yalimlengalenga, wala si kwa woga. Ilikuwa miaka minne tangu mama yake amuulize kama amekula.

"Mwaitu," aliita, kama alivyomwita mama yake tangu utotoni.

"Naam, Kavindu. Huyo baba yako ameondoka bila kurudi kuniambia. Mbaazi zilienda bei gani?"

Mzee aliangalia mikono yake. Mvua ilipiga huko juu sana, kwenye lami. Kavindu akajibu yeye.

"Bado hazijauzwa, mwaitu."

"Bado," sauti ilisema, kama inayolionja neno hilo. "Huku mvua imeanza. Shamba liko wazi."

Mzee Nzivo akaomba apewe mbaazi kiganja kimoja. Alinyoosha mkono bila kuinuka, akatoboa udongo kwa kidole kati ya vyuma vya dirisha, akatia mbegu, akafukia, akatoboa tena. Nthoki alikuwa akimwelekeza nafasi, akimgombeza kwamba anabananisha, kama alivyomgombeza maisha yao yote. Kavindu alichemsha chai, akamimina vikombe vitatu, na cha tatu akakimwaga polepole kwenye udongo.

Miche ilipanda kimo cha chumba kizima, ikatokeza juu kando ya lami, pale Amolo alipohamishia cherehani yake. Ilichanua manjano, ikafunga, ikakauka. Kavindu alivuna peke yake mwezi wa nane, akapepeta barabarani akiwaomba radhi waliopitiwa na makapi, akajaza gunia moja. Alilipeleka kwa Githinji.

Githinji alilining'iniza. Mshale ulilala kwenye sufuri.

Kutoka chini ya lami, mbali lakini wazi, mzee aliuliza, "Kilo ngapi?"

"Muulize tena," alisema Nthoki. "Labda hajasikia."

"Kilo ngapi, Kavindu?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walisogeza miguu yao. Githinji alingoja kwa heshima hadi wazee walipomaliza, kisha akamwambia Kavindu, "Bei ya gunia."

Kavindu alilishusha, akainama, akalipandisha mgongoni mwenyewe. Alirudi njia ile ile, bila haraka, na kila alipokanyaga, lami ilibonyea. Mutie alimwona akija. Alizitazama nyayo zilizobaki nyuma yake, akachukua gazeti, akafunika mizani.