Kungwi Mwenye Ndevu

Kengele ya darasa ililia saa kumi, kama ilivyolia kila siku kwa miezi mitano, na hakuna mwanamke aliyeingia. Kutoka dirishani Stefania, mmoja wa wanovisi, aliwaona kina mama wa Kwamkole wakipita na ndoo zao kwenda kisimani. Walipofika mbele ya nyumba ya wanovisi waliinamisha macho, wakaongeza mwendo.

"Wanatukimbia, Padre," alisema. "Labda wanadhani tutawabatiza."

Padre Bernardo alizikuna ndevu zake. Mmisionari huyo alikuwa ameanzisha shirika la masista kwa kazi moja: kuwafundisha wanawake wa Handeni kusoma na kuandika. Wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa masista, walikuwa wanne, na kwa mwaka mzima wa malezi hawakutoka nje ya ua. Askofu alikuwa amesema wazi kwamba atakuja siku ya nadhiri za kwanza; asipokuta wanafunzi, shirika litafungwa na wasichana watarudi makwao.

Stefania hakutaka kurudi kwao Hale mikono mitupu. Mama yake, aliyeanika singa, zile nyuzi za mkonge, shambani, alikuwa akisomewa barua na majirani, na habari za nyumba yao zilienea katika kambi ya wafanyakazi kabla yeye mwenyewe hajazielewa.

Siku ya nadhiri ikafika. Masista wanne walitoka kanisani wamevaa shela mpya, Askofu akafuata, akachungulia mlangoni pa darasa, akaona mabenchi matupu.

Ndipo ngoma ikasikika kutoka njia ya kisimani.

Wanawake wa Kwamkole walikuja wakiimba, wamebeba unga, kuku na khanga mpya. Mbele yao alikuwa Bi Mwanaidi, kungwi wa kijiji, aliyewafunda wasichana wengi kuliko alivyoweza kukumbuka.

"Shikamoo, bibi," Stefania alisema, amepigwa na butwaa.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuwapokea. Mmekaa ndani mwaka mzima, wembamba kama nyuzi za mkonge. Walikuwa hawawalishi?"

"Lakini kila siku tulipiga kengele. Mbona hamkuja?"

Bi Mwanaidi alimtazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini maji hulowesha. "Mwali yuko ndani anafundwa, sisi tuingie tumsemeshe? Tungekuwa watu wa namna gani? Hata kumtazama tulijizuia. Mwali hutolewa kwanza, akatuzwa, ndipo akaongea na watu." Akamgeukia Padre, akamkagua kutoka kandambili hadi kofia. "Ila kungwi mwenye ndevu, huyu ndiyo kwanza namwona."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikampitia Padre, kikamfikia Askofu. Stefania alicheka mpaka shela ikamwendea upande. Miezi mitano alikuwa amejihuzunisha kwa heshima aliyokuwa akipewa.

Bi Mwanaidi alimfunga khanga kiunoni. "Sasa mwali katoka. Hilo darasa ni lini?"

"Kesho, bibi. Saa kumi."

"Saa kumi tuko kisimani. Na kesho nani anaijua? Mimi nina barua ya mwanangu tangu Ramadhani, nimechoka kumpelekea jirani yangu Mbaruku anisomee huku anatabasamu peke yake."

Akaingia darasani, akakaa benchi la mbele. Wenzake wakafuata, wakabanana, wengine wakaketi sakafuni na kuku wao. Stefania alishika chaki, akaandika ubaoni: *Mwanaidi*.

Askofu alisimama mlangoni, akihesabu vichwa kwa kidole mpaka akakata tamaa.

"Bernardo," alisema, "mabenchi mengine utayapata wapi?"