Ikulu Iliyojifunza Kusalimu

Adhuhuri moja ya Agosti, mwaka wa 2000, Munyiva alikuwa akichemsha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, katika ukumbi wa kupokelea mabalozi, maana huko upepo wa Kitengela haukusumbua moto. Ikulu hiyo ndogo ilikuwa imekwama kwenye linta, juu kidogo ya milango na bila paa, kwa miaka kumi. Mumewe Musau ndiye aliyeilinda. Binti yao Wayua alizaliwa katika chumba cha kulala cha rais, na kwa kuwa hakuna rais aliyewahi kulala humo, nyumba ilimtambua yeye. Akikohoa, nguzo kumi na mbili za barazani zilikohoa. Akipiga magoti kusali, nazo zilipiga, na vumbi likaingia sufuriani.

"Mheshimiwa," mama yake alisema, "kasalie nje."

Siku hiyo Naisenya, mfugaji mzee wa jirani, alifika langoni na ng'ombe waliobaki mifupa. Kisima kilikuwa ndani. Kabla serikali haijazungusha ukuta, kilikuwa cha baba yake.

"Musau, hawa hawafiki kesho."

"Najua, mama. Lakini niko na amri: lango hili ni la rais peke yake. Hata ufunguo uko Nairobi."

Wayua akaliamuru lango lifunguke. Halikutikisika. Tofauti na nyumba na ukuta, lango lilikuwa limekamilika na kukabidhiwa wizara.

"Kumbe siku hizi mnaamuru kabla ya kusalimu?" Naisenya akauliza.

Wayua akaona haya. Akainamisha kichwa kusalimu, kama mtoto yeyote wa huko mbele ya mkubwa. Nguzo zikainama. Ukuta nao ukainama mpaka ukalala chini.

Naisenya akaweka kiganja juu ya kichwa cha Wayua, kisha akazipitia nguzo zote, moja moja, kwani si adabu kumwacha aliyeinama akingoja. Kufikia ya tisa, mkono ulimuuma. Ng'ombe walikunywa hadi jioni. Hakufa hata mmoja.

Jumatatu afisa wa wizara alikuja. Naisenya akamwomba arudishiwe shamba la babake.

"Hii ni ardhi ya serikali, mama," afisa alisema, akiruka kinyesi cha ng'ombe. Akaandika kwamba ujenzi unaendelea vizuri, akaagiza ukuta mwingine, mrefu zaidi.

Mafundi waliujenga mpaka saruji ikaisha kabla haujakamilika. Walipoondoka, Wayua aliufundisha adabu kwa siku mbili. Siku ya tatu ukuta uliinama mpaka chini, ng'ombe wakapita juu yake wakaenda kunywa.